Mtoto Akilia, Tukio Limekwisha

Sogeeni, wajukuu zangu, na anayetafuna atafune taratibu. Nina nchi nataka kuwasimulia. Jina lake niliandikiwa kwenye karatasi, karatasi nikaifungia chumvi, chumvi ikayeyuka na jina likaenda nayo. Kwa hiyo mtu asije akaniuliza ni nchi gani. Ni nchi ya watu wengine kabisa, ina bendera, ina wimbo, ina foleni. Mimi nilikuwako huko kwa bahati mbaya tu, kwa miaka sabini na moja.

Nitangulize kitendawili, maana bila hicho mdomo wangu haufunguki vizuri. Mzigo nimeubeba miezi tisa, na siku niliyoutua ndiyo siku nilipoanza kuubeba. Anayesema ni gunia la mahindi akalale. Ni mtoto. Kila mwanamke wa nchi ile alikuwa na jibu la kitendawili hicho, ila hakuna aliyewahi kuulizwa.

Walioulizwa walikuwa watengenezaji wa filamu.

*

Ilianza hivi. Serikali ya huko ilikuwa na wizara nyingi kuliko mito, ikaamua kubana matumizi. Wizara zikafungwa mbilimbili kama ng'ombe wa plau. Kilimo kikaozeshwa kwa Ulinzi. Maji yakaenda na Michezo. Afya ikabaki peke yake ukutani kama msichana aliyekosa mchumba, mpaka ikaonewa huruma ikapewa Filamu. Ikawa Wizara ya Afya na Filamu, chini ya Mheshimiwa Profesa Ngalangala. Profesa wa nini, hatukuuliza. Ingekuwa utovu wa adabu.

Mwaka uleule filamu moja ya nchi hiyo ikapata kikombe ng'ambo. Ndani yake mwanamke anajifungua kwenye kibanda, mvua inanyesha, midomo imepakwa rangi, na kazi yote inakwisha kabla hujamaliza kumenya karanga tano. Waziri aliitazama mara mbili. Kesho yake akasimama bungeni.

"Waheshimiwa," akasema, na redio zote zikamsikia, "nimejiuliza swali zito. Iweje filamu zetu zizae vizuri namna hii, na hospitali zetu zizae vibaya? Kwenye filamu zetu mwanamke hakai leba siku mbili. Haombi pamba. Haambiwi aje na wembe na ndoo yake. Analia kidogo, mtoto analia kidogo, watu wanafurahi. Je, hatujifunzi?"

Wakapiga meza.

Ikaundwa kamati ya wanaume saba. Walikaa siku arobaini kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, wakatazama filamu mia tatu na kumi na mbili, na chai ikiletwa. Mmoja wao alikuwa baba wa watoto tisa, lakini siku zote tisa alikuwa safarini. Walipotoka walikuwa wameandika kitabu chenye jalada la bluu: Mwongozo wa Taifa wa Kuzaa. Mkunga hakuitwa hata mmoja, kwa sababu kamati iliona wakunga wamezoea mambo ya zamani, kama vile damu.

Sisi tulidhani ni mzaha. Nchi ile ndivyo sheria zilivyokuwa zinasafiri: watu wanazidhani mzaha mpaka zinapobisha hodi.

*

Kwangu zilibisha kupitia tumbo la Sikitu.

Sikitu ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Mama yake alimzaa na kuniachia hapohapo, mtoto hajapata hata jina, nikamlea kwa maziwa ya mbuzi na uji. Nilikuwa nimeshamzika mama yake. Kuzika mara ya pili kwenye mstari uleule sikuwa tayari, na hilo ndilo lilikuwa ombi langu moja tu kwa Mungu na kwa Serikali, kwa mpangilio huo.

Mumewe, Hamduni, alikuwa mbali machimboni. Basi mimba ilipofika miezi minne nikamchukua mimi kwenda kumwandikisha. Dirishani alikuwapo karani wa kike, msichana mzuri, ana adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimemleta huyu aandikwe. Ni mjamzito."

"Alitapika mbele ya nani?"

"Hajatapika."

Karani akaweka kalamu chini. "Basi hana mimba."

"Mwanangu, tumbo hilo hapo."

"Tumbo naliona, bibi. Hata Mheshimiwa ana tumbo." Akafungua kitabu cha bluu, akasoma akifuata mstari kwa ukucha. "Kifungu cha kwanza. Mimba huanza kwa kutapika, ghafla, wakati wa kula, mbele ya mume au mama mkwe. Mhusika hushika mdomo na kukimbia. Hapo mama mkwe hutabasamu."

"Mama mkwe wake alishafariki."

"Basi hapo pia kuna tatizo."

"Huyu alichotamani ni udongo tu," nikasema. "Na kunusa sabuni ya mche."

"Udongo haumo. Ndimu imo. Alikula ndimu?"

Sikitu akasema kwa sauti ndogo kwamba ndimu humletea kiungulia. Karani akatikisa kichwa kama mtu anayemwona mwenzake anajiharibia mwenyewe.

Tukatoka. Nyuma ya jengo palikuwa na duka. Nikanunua yai bichi na kichupa cha mafuta ya samaki, nikavikoroga kwenye kikombe cha muuza duka, nikampa. Akanitazama. "Bibi, hii ni kwa ajili ya nini?" Nikamwambia ni kwa ajili ya kifungu cha kwanza. Tulirudi dirishani mbio, na hakuwahi kushika mdomo. Alitapika juu ya rejista yenyewe, ukurasa wa kumi na nne, na karani akaona afadhali amwandike kuliko kuandika barua ya kueleza ukurasa umepatwa na nini. Akagonga muhuri pembeni, mahali palipokuwa pakavu.

*

Kliniki hatukuhudhuria, kwa kuwa zilikuwa zimefungwa. Kamati ilikuwa imegundua kwamba kati ya kutapika na kujifungua hakuna kinachotokea. Kwenye filamu zote mia tatu na kumi na mbili, msichana anatapika, kisha yanatokea maandishi MIEZI TISA BAADAYE, kisha uchungu. Basi pale ilipokuwa kliniki waliweka ubao wenye maandishi hayohayo kwa rangi nyeupe. Mjamzito anakwenda mara moja, anausoma, anarudi nyumbani. Asiyejua kusoma anasomewa bure.

Mwezi wa saba miguu ya Sikitu ilivimba mpaka kandambili zikawa hazimwingii. Nikampeleka palepale, chini ya ubao. Alikuwapo mlinzi.

"Miguu, bibi?" akasema. "Kwenye filamu kamera haishuki miguuni."

"Na wewe unaiona?"

"Mimi naiona. Lakini mimi ni mlinzi."

Alikuwa mtu mwema. Alimpa Sikitu kiti chake apumzike, akasimama yeye.

*

Uchungu ulimshika siku ya Alhamisi, alfajiri, na ulikuja polepole kama unavyokuja siku zote: mgongo kwanza. Nikafunga kanga, nyembe, mkasi niliouchemsha, vitenge viwili, tukaenda. Langoni tukazuiwa.

"Maji yamepasuka hadharani?" akauliza wa langoni.

"Bado."

"Amepiga ukelele?"

Hapo, wajukuu zangu, nikajua kosa langu. Mimi nilifundwa kwamba mwanamke hapigi kelele kwenye uchungu. Unauma kanga. Ukipiga kelele, majirani watalitaja mpaka mtoto aoe. Nikamfunda na Sikitu hivyohivyo, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Alisimama pale langoni jasho linamtiririka, kanga mdomoni, hatoi hata mguno, na wa langoni anamtazama kama mtu aliyekuja kutembea.

"Piga kelele, mama," nikamwambia.

Akatoa kanga mdomoni. "Ulisema ni aibu."

"Nilisema. Sasa piga."

"Siwezi, bibi. Haitoki."

Nikapiga mimi. Nilipiga ukelele ambao sikuupiga kwa watoto wangu saba, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Wa langoni akaridhika kidogo, kisha akauliza, "Anayezaa ni nani hapa?" Ikabidi nimfinye Sikitu mkono, kwa kucha, mahali pa nyama. Ndipo ikatoka. Nilimfinya mtoto wangu akiwa kwenye uchungu ili aaminiwe kuwa yuko kwenye uchungu. Alama ilikaa wiki mbili.

*

Leba ilikuwa na kitanda kimoja chenye taa kali juu yake. Zamani vitanda vilikuwa vinane. Saba viligawiwa, kwa sababu kwenye filamu mwanamke hujifungua peke yake. Wauguzi walikuwa watano. Wanne wakahamishiwa kitengo cha kupaka midomo rangi. Akabaki mmoja, Sista Leokadia, mwanamke mnene wa makamo, anayetembea kama miguu inamuuma, na nadhani ilikuwa inamuuma.

Nyuma ya pazia alikaa Bwana Mashauri, Afisa Matukio. Huyu alikuwa na kengele, daftari, na miwani ya kioo kitupu mfukoni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mwongozo ulisema: mtoto akilia, tukio limekwisha. Bwana Mashauri akisikia kilio alipiga kengele, sote tukapiga makofi, kisha akanyanyuliwa Mtoto wa Wizara, aliyekuwa na miezi minne, mnono, amepakwa mafuta, ili watu waone mtoto mzuri. Mtoto yule alikuwa amezaliwa mara mia mbili mwezi ule. Hakuwa analia tena, alishazoea.

Kila mwanamke alipewa dakika nne. Zikiisha na mtoto hajatoka, anashushwa, anarudi benchini, anangoja zamu irudi. Waliita kurudia.

Benchini tulikaa jirani na Tunu, muuza vitumbua, mwembamba, ana mwanya na maneno.

"Bibi, shikamoo. Hii ni mara yangu ya tisa kupanda na kushuka," akaniambia huku amejishika kiuno. "Lingekuwa basi ningeshafika mkoani."

"Marahaba. Na wa ngapi huyu?"

"Wa pili. Wa kwanza nilizaa kabla hatujastaarabika. Nilizaa bila hata poda."

Sikitu akacheka, na uchungu ukamkamata katikati ya kicheko. Tunu akamshika mkono, akamhesabia pumzi. Yeye mwenyewe yuko kwenye uchungu na anamhesabia mwenzake.

Zamu ya kumi Tunu akajifungua. Mtoto wa kiume, alilia kwa sauti ya kuuza samaki. Kengele. Makofi. Tulipiga na sisi, ilikuwa lazima. Sista Leokadia aliacha mkono wake juu ya tumbo la Tunu kwa kitambo, Bwana Mashauri akakohoa nyuma ya pazia, akautoa. Tunu akashushwa, akalazwa kwenye mkeka koridoni, miguuni petu. Mahali pale waliita nje ya picha.

"Bibi," akasema baada ya muda, "mbona nasikia baridi?"

Ilikuwa saa nne asubuhi na bati lilikuwa linalia kwa jua. Nikainua kanga yake nikaona. Nikaishusha. Nikaenda kwenye pazia.

"Mwanangu, yule mama kondo la nyuma halijatoka."

"Kitu gani?"

"Kondo la nyuma."

Bwana Mashauri akafungua kitabu, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Hakuwa na haraka wala hakuwa na ubaya. "Halimo, bibi."

"Halimo kitabuni, baba. Tumboni limo."

"Bibi yangu, nakuheshimu kama mama mzazi. Lakini nijibu wewe: ulishawahi kutazama filamu, mtoto akalia, halafu watu wakabaki wanangoja kitu kingine?"

Nikakubali sijawahi. Angeniuliza nilishaona wangapi wakizaa, ningemjibu vingine. Hakuniuliza.

Nikamwita Sista. Alikuwa juu ya mwanamke mwingine, dakika ya pili, na macho yake yalinijibu kabla ya mdomo. Nikarudi mkekani nikasugua tumbo la Tunu nisivyojua, nikamwita jina, nikamwita mwenye vitumbua, nikamuuliza unga anaukoroga kwa tui au maji. Akasema tui. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Mwongozo unataka maneno ya mwisho yawe "Nitunzie mwanangu", kwa hiyo ndivyo alivyoandika Bwana Mashauri, ili ndugu wasipate taabu.

Kisha akavaa miwani. Akatoka nje alipokuwa amesimama dada wa Tunu na chupa ya uji, akavua miwani taratibu, akatikisa kichwa mara tatu. "Tumejitahidi," akasema. Alitikisa vizuri, siwezi kumsema vibaya. Alipelekwa semina ya wiki mbili. Mtoto wa Tunu akaandikwa palepale kuwa atakuwa daktari, kwa sababu yatima wa filamu huwa daktari.

Uji ule dada mtu aliendelea kuushika. Hakuna aliyemwambia auweke chini.

*

Sikitu alikuwa ameona yote. Hakulia. Alisogeza mdomo kwenye sikio langu.

"Bibi. Mama yangu alikufa hivi?"

Miaka ishirini na mbili nilikuwa nimemwambia ilikuwa homa.

"Hivi," nikasema. "Ila wakati ule hapakuwa na kitabu. Kilichokosekana ni gari."

Uchungu ukaja, ukapita. "Mimi sitaki kulala kwenye huo mkeka."

"Hulali."

Nilisema hivyo kama mtu mwenye uwezo. Moyoni nilikuwa natafuta mlango kwenye ukuta. Nilijua kitu kimoja: Sista Leokadia anaondolewa na kilio. Si saa wala damu inayomwondoa. Basi nikamwomba Mungu jambo ambalo hakuna bibi anayepaswa kuliomba, kwamba kitukuu changu kizaliwe na kisilie.

Sikitu alipanda, akashushwa. Akapanda, akashushwa. Mara ya tano kichwa kilikuwa kimeonekana na hata Bwana Mashauri hakuthubutu kusema muda umekwisha. Mtoto akatoka. Wa kike. Nilikuwa nimesimama pale kwa kisingizio cha kushika kanga. Nilimwona akivuta pumzi, kifua kikapanda, rangi ikaanza kumrudia, mdomo ukafunguka duara, na sauti ilikuwa imeshafika kooni. Kabla haijatoka nikambandika kwenye titi la mama yake.

Akalishika. Watoto wa ukoo wetu ni walafi, namshukuru Mungu.

Kimya.

"Vipi huko?" Bwana Mashauri akauliza nyuma ya pazia. "Sijasikia."

Sista Leokadia akanitazama, akamtazama mtoto anayenyonya, akatazama pazia. Alijibu kama anayesoma: "Kifungu cha kumi na saba, Afisa. Taharuki. Mtoto asipolia mara moja, waliopo wote watabaki mahali walipo, wameshika vifua, mpaka alie."

Kurasa zikachakarika. "Kwa muda gani?"

"Haikuandikwa. Kwenye filamu huwa analia tu."

"Basi tushike vifua," akasema Bwana Mashauri, na kupitia uwazi wa pazia nikamwona ameshika chake, kwa uaminifu kabisa.

Nikainama kama ninayembembeleza mtoto. "Sista. Kitendawili."

Alinitazama kama nimepungukiwa akili. "Tega."

"Wageni wawili wamekuja kwa njia moja. Wa kwanza ana makofi yake. Wa pili hana jina wala nguo, hakuna anayemngoja, na asipofika nyumba inaanguka."

Sista alisomea kazi yake kabla ya kitabu cha bluu. Akaingiza mkono chini ya shuka. "Nimeshalipata jina lake," akasema polepole. "Tumngoje."

Tukamngoja. Dakika kumi. Ishirini. Mtoto akiachia titi nampa kidole, akikataa kidole namrudishia titi. Sikitu anatetemeka meno, midomo imekuwa ya majivu chini ya ile rangi waliyompaka. Kisha tumbo likajikaza, akaguna, na mgeni wa pili akafika, mzima, hajakatika. Sista akamgeuza huku na huku akimkagua kama mama anayekagua shuka lililofuliwa. Nyuma yake ikafuata damu.

"Tumbo linalegea," akaninong'oneza. "Lazima lisuguliwe. Nisitoke hapa."

Na hapohapo kutoka benchini sauti ikapanda. "Sista, kinakuja. Sista, nakishika kichwa."

Alikuwa Riziki, msichana wa kama miaka kumi na minane, mimba ya kwanza, aliyekaa tulipokuwa tumekaa. Sista akainua kichwa. Bwana Mashauri akawahi. "Hakuna kutoka, Sista. Taharuki haijaisha."

"Afisa, yule anazaa sakafuni."

"Mtoto wa huku alie kwanza. Hatuwezi kuwa na matukio mawili."

Riziki akaita tena, mara hii hakuita Sista, aliita mama yake.

"Bibi," Sikitu akasema. "Mtoe mtoto titi."

Nilijifanya sijasikia. Hili nawaambia wazi, msije mkanisifu msibani kwangu. Nilisikia vizuri, na nikamkandamiza mtoto zaidi. Riziki sikumzaa mimi.

"Bibi. Tunu alinihesabia pumzi."

"Nyamaza, mama. Pumzika."

Akaingiza kidole chake mwenyewe pembeni ya mdomo wa mtoto, kama nilivyomfundisha mimi, akalichomoa titi. Mtoto akashangaa kidogo. Kisha akalia, kilio cha mtu aliyedhulumiwa, na kengele ikalia, na makofi yakalia, na Mtoto wa Wizara akanyanyuliwa kwenye taa.

Sista alikuwa ameshageuka aende. Akarudi hatua moja, akanishika mkono, akaukandamiza kwenye tumbo la Sikitu, chini ya kitovu. "Hapa. Likiwa gumu kama chungwa, liache. Likilegea kama unga wa maandazi, sugua. Usiache kusugua, hata uambiwe nini."

"Bibi haruhusiwi kugusa," akasema Bwana Mashauri.

"Kifungu gani?" akauliza Sista huku anakwenda kwa Riziki.

Akatafuta. Alitafuta kitabu chote. Mama mkwe alikuwamo, mchumba alikuwamo, mbwa alikuwamo mara mbili. Mwongozo ulikuwa umetusahau.

*

Tulimshusha Sikitu, tukamlaza mahali pale alipokuwa Tunu, maana hapakuwa na mahali pengine. Mkeka ulikuwa umepanguswa tu. Nikapiga magoti nikasugua. Likakaza, nikapumzika. Likalegea, nikasugua. Mikono yangu ina baridi yabisi, vidole viwili havikunjiki. Kufika saa saba nilikuwa sijui tena kama kilicho chini ya kiganja ni chungwa au unga. Nilikuwa nasugua na kulia, na nilipiga kelele, mimi niliyemfunda mtu kunyamaza.

Mwanamke mmoja akashuka benchini na tumbo lake kubwa, akakaa kando yangu sakafuni. "Bibi, niachie kidogo." Nikamwekea mkono mahali pake, nikakandamiza kama Sista alivyonikandamiza. "Unasikia?" Akasema anasikia. Uchungu wake ulipomkamata akaja mwingine. Walikuwa saba. Bwana Mashauri alitoka mara mbili kuwaambia tukio limekwisha, watawanyike. Walimwitikia, "Ndiyo, Afisa," na hakuna aliyeinuka. Mara ya tatu alikuja na miwani imeshavaliwa. Akasimama hapo akingoja. Akaivua saa kumi, akaifuta, akairudisha mfukoni bila kuitumia.

Riziki alizaa salama, mtoto wa kike. Naye kengele ilipolia alishushwa, na tayari palikuwa na mikono miwili inamngoja chini.

Sikitu yuko. Ana upungufu wa damu, anatembea kwa kushika ukuta, na mtoto anaitwa Tunu.

*

Wizara ilitoa taarifa kwamba Alhamisi ile wilaya yetu ilivunja rekodi ya taharuki, dakika thelathini na nane, na Bwana Mashauri akapewa cheti. Sista Leokadia akahamishiwa midomo.

Wiki iliyopita wameleta nyongeza ya Mwongozo, ukurasa mmoja. Kamati imekaa tena hotelini na imetuona. Kuanzia mwezi ujao kila leba itakuwa na bibi, mmoja tu. Asimame mlangoni, avae kanga mpya, ainue mikono yote miwili juu akiomba, na asiishushe mpaka mtoto alie. Mtoto akishalia, bibi apige vigelegele na aondoke. Bibi atakayegusa atafungwa miezi sita.

Binti wa jirani yangu, Pili, anatazamia mwezi ujao huohuo. Jana amekuja kuniuliza kama nitakwenda naye. Nikamwambia nitakwenda. Kanga mpya nimeshanunua. Habari ya mikono, nikamwambia, tutaona hukohuko.